Mshika Farasi wa Picha ya Marekani

Kijana mmoja anayejifunza ufundi alikuja kunisalimu nyumbani kwangu Kikuyu, hapa Dodoma. Alipomaliza shikamoo akainua macho ukutani, akaiona picha yangu ya mto na milima, nyeusi na nyeupe, akaniuliza kama ni fotokopi. Nilimpa chai kwa sababu nililelewa. Jibu sikumpa, maana lingekuwa refu kuliko subira yake. Na kwa kuwa ninyi wenzake hamna tofauti naye, nimeamua kuliandika, mlisome wote mkiwa mmekaa chini.

Mnajiita mafundi wa fremu. Mnachukua plastiki iliyokatwa kiwandani, picha mnaigandisha kwenye kioo kwa gundi ya viatu, halafu mnaandika mlangoni "Kazi Safi". Mwaka haujaisha, karatasi imeshajaa madoa. Mteja akirudi kulalamika mnamwambia ni hali ya hewa ya Dodoma. Hali ya hewa ya Dodoma nimeishi nayo tangu nizaliwe, na haijawahi kuharibu picha iliyofungwa na mtu mwenye akili. Karatasi inataka kupumua. Kati yake na kioo unaweka kadibodi iliyokatwa dirisha, ili picha isiguse kioo kabisa. Gundi ni ya unga wa ngano uliopikwa, na ndani yake unatia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu yenye sumu, la sivyo mende watakula gundi, na wakiimaliza watahamia kwenye picha. Mbao unaziacha zikauke kwanza, kwa sababu kiangazi cha huku kitazikausha hata usipotaka, na pembe zako zitaachana kama ndugu waliogombania shamba.

Haya nilifundishwa na Mzee Rajabali, mwenye duka la vioo na fremu karibu na stesheni, wakati wa Mwingereza. Niliingia kwake nimetoka shule ya misheni kule Mvumi, najua kusoma na ninajiona. Baba yake Rajabali alikuwa mchongaji wa mabamba ya kuchapia Bombei, katika kiwanda kilichochapa nembo za majora ya nguo. Yeye mwenyewe alishika kalamu ya chuma tangu utotoni mpaka macho yakaanza kumsumbua, ndipo akavuka bahari kuja kukata vioo. Alikuwa na mkono wa birika na ulimi mkali. Mtu akileta picha ya ovyo, aliifunga vizuri kabisa, kisha akasema kwa sauti mteja akiwa bado mlangoni, "Yona, sisi tunashona sanda tu, maiti si wetu."

Na maiti waliletwa wengi. Wahindi wa madukani walileta miungu yao yenye rangi za kuumiza macho, nao angalau walijua wanachokipenda. Waislamu walileta Kaaba. Misheni walileta Yesu mwenye nywele za Mjerumani. Waingereza ndio walinishinda: walileta mbwa. Mtu ana mke, ana watoto, ana wazazi kwao, lakini anayefungiwa kwenye mbao za mninga na kioo ni mbwa aliyekufa. Ofisa mmoja alisimama dukani saa nzima akinieleza tabia ya mbwa wake, na hajawahi hata siku moja kuuliza jina langu.

Wakati wa vile vita vikuu vya pili vioo viliacha kuja. Meli zilikuwa na kazi nyingine. Tukawa tunanunua madirisha mabovu na kukata vipande vilivyobaki vizima. Ndipo mmisionari mmoja wa Kimarekani, aliyekaa miaka mingi upande wa Singida, akawa anarudi kwao, na vyombo vyake vikapigwa mnada hapa mjini kabla hajapanda treni. Rajabali akanunua kasha zima la picha zenye fremu. Msidhani alizipenda. Alitaka vioo. Karatasi zenyewe, kwa kuwa zilikuwa nene na imara, tungezitumia kuziba migongo ya picha za Mfalme wa Uingereza, ambazo zilihitajika kila ofisi.

Kazi ya kuzivua ikawa yangu. Nilipoivua ya kwanza Rajabali alikuwa akipita na chai yake. Akasimama. Akaiweka chai chini, jambo ambalo hakulifanya hata bwana shauri, mkubwa wa wilaya, alipoingia.

"Pitisha kidole pembeni," akaniambia. "Hapo, nje ya picha. Unahisi nini?"

Nilihisi mbonyeo uliozunguka picha yote kwa mstari ulionyooka, kana kwamba karatasi ilikandamizwa na kitu kizito.

"Hapo ndipo lilipokuwa bamba. Hii ni kazi ya mkono. Mkono wa mtu aliyeharibu macho yake kwa ajili yako, na wewe umeishika kwa vidole vyenye gundi."

Sikilizeni basi, hapa ndipo habari ya fotokopi inapoingia. Karne ya kumi na tisa, huko Marekani, mchoraji alichora picha kwa rangi, moja tu. Tajiri akaitundika sebuleni kwake, ikaisha. Wengine wote waione vipi? Anaitwa mchongaji. Anawekewa mbele yake picha yenye anga la bluu, ng'ombe mwekundu na shavu la mtoto, na yeye hana rangi hata moja. Ana bamba la chuma na kalamu yenye ncha. Anga analifanya kwa mistari myembamba iliyolala sambamba, mingi kuliko uwezo wako wa kuihesabu. Shavu analifanya kwa vitone. Kivuli ni mistari inayokatana, na kivuli kikiwa kizito anaikatisha tena na tena mpaka inakuwa wavu mweusi. Yote hayo anayachonga kinyume, kulia kuwe kushoto, ili yakichapwa yageuke. Bamba moja linaweza kumla miaka. Kisha linapakwa wino, linafutwa, linakandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu, na watu wa kawaida wanapata picha ya tajiri majumbani mwao. Chini kabisa wanaandika kwa herufi ndogo: kushoto jina la aliyechora, kulia jina la aliyechonga, kisha mji na mwaka. Ninyi mnabonyeza kitufe, mnaita kazi.

Rajabali alizisifia zile picha kwa muda wa kumaliza chai. Kisha akaniamuru niendelee kuzikata zitoshe mgongoni mwa Mfalme. Sifa ni sifa na biashara ni biashara. Kwa hiyo ukikuta nyumba ya zamani hapa Dodoma bado ina picha ya Mfalme yule, usiitupe. Ifungue nyuma kwa uangalifu. Huenda amekalia mto mzuri wa Marekani maisha yake yote bila kujua.

Zilizokuwa nzima sana tuliziacha tuziuze, na ule mto wa ukutani kwangu ni mmojawapo, na hapo nikajua binadamu ni nini. Karani wa stesheni alinunua moja, akarudi baada ya wiki akitaka tuitie rangi, kwa sababu mkewe aliona ni ya msiba. Fundi mwenzetu wa mtaa wa pili, jina lake silitaji maana ana wajukuu, alipewa moja yenye vumbi, akaiosha kwa sabuni ya kufulia na bluu, akaianika kambani. Mke wa ofisa fulani alitaka tukate yale majina ya chini kwa sababu, alisema, yanaifanya picha ionekane kama tangazo. Rajabali alikata. Alipoondoka yule mama, Rajabali akayaokota majina kutoka sakafuni, akayasoma kwa sauti, akayatia kwenye jiko.

Picha zenyewe zilinichekesha vilevile. Wamarekani wale hawatoki jasho. Wanavuna na mashati meupe. Hata anayekufa kitandani amechana nywele. Kila picha ina mtu anayeomba na mtu anayeelekeza kidole mbinguni, na kama kuna mtu mweusi, yuko pembeni kabisa, amebeba kitu cha mwenzake. Niliyazoea yote hayo mpaka siku ile Mama Ndahani alipoingia na maziwa.

Mama Ndahani alikuwa mjane kutoka kijiji cha nje ya mji, njia ya Mvumi. Alikuja mjini kuuza maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na duka letu lilikuwa kituo chake cha mwisho, kwa hiyo alikaa kidogo apumzishe miguu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ndahani, aliyechukuliwa jeshini akapelekwa Bama, kule Asia, kupigana na Wajapani. Vita vilipokwisha wenzake walirudi na makoti yao, yeye hakurudi. Serikali ilisema hajulikani alipo. Nyumbani alimwacha mkewe, Chiku, ambaye hata mtoto walikuwa hawajapata. Yule mama na mkwewe walilima pamoja, wakakamua pamoja, wakala chungu kimoja.

Na alikuwapo Sambala. Huyu alikuwa mtoto wa baba yake Ndahani kwa mke mwingine, mwanamume mnene wa shingo, mwenye wake wawili, na wote wawili wana alama za fimbo yake. Kwetu Wagogo wa wakati ule, mume akifa na matanga yakamalizika, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Sambala alikuwa akizunguka baraza la mtemi akidai kwamba Ndahani amekufa, matanga yafanywe, nywele zinyolewe, ili amchukue Chiku. Chiku alisema heri ajitupe kisimani, na hakuwa mtu wa kusema maneno ya bure.

Siku hiyo Mama Ndahani aliingia, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akatua kibuyu, akakaa. Mimi nilikuwa nimelaza mezani picha moja kubwa ya lile kasha niliyotoka kuivua. Ilikuwa karamu ya mavuno: meza ndefu uani, wazungu wamejipanga, mzee amesimama anaombea chakula. Upande wa kulia, nje ya uzio, mwanamume mweusi ameshika hatamu za farasi. Kofia imemfunika paji la uso, anaonekana upande mmoja tu, na uzito wote ameuegemeza mguu mmoja kama wachungaji wetu wanavyosimama.

Mama Ndahani aliitazama kwa muda mrefu. Akanywa maji, akaenda zake. Kesho yake alirudi bila maziwa, akasimama mezani, akaitazama tena, akauliza kama picha ile imetoka ng'ambo. Nikamwambia ndiyo, imetoka Marekani.

"Nikatie huyu mtu," akasema.

Rajabali alimsikia kutoka nyuma ya duka. Alikuja akifuta mikono, na mimi nikangoja amfukuze.

"Wa nini, mama?"

"Nimpeleke barazani."

Kwa sisi tuliojua habari za Sambala, hapakuhitajika maelezo zaidi. Nilianza kumweleza kwa upole kwamba ile si picha ya kamera, ni mchoro wa zamani sana, na mtu yule hawezi kuwa... Rajabali alinikanyaga mguu. Mzee yule alikuwa mzito, na kiatu chake kilikuwa na chuma.

"Kumkata simkati," alimwambia. "Nikimkata atakuwa kipande cha karatasi tu, hana mbele wala nyuma. Mwache na farasi wake na karamu yao, watu waone yuko wapi na anafanya nini."

Mama Ndahani alifikiri, akakubali. Kisha akainama, akaweka kidole chini ya picha, penye yale majina na mji na mwaka.

"Haya yafunike."

"Unajua yanasema nini?" nikamuuliza.

"Mimi sikusoma, mwanangu Yona. Najua tu kwamba maandishi husema."

Rajabali alichukua kadibodi mwenyewe. Hakuniachia mimi. Alipima, akakata dirisha dogo kuliko kawaida, likafunika mbonyeo wa bamba na kila herufi iliyokuwa chini. Aliifunga ile picha kwa mninga mzuri na kioo kisicho na mkwaruzo, kazi ambayo mkuu wa wilaya angeisubiri mwezi mzima. Akaiviringisha kwenye gunia na kumpa, na aliporudi ndani alinikaripia kwa sababu nilikuwa nimesimama tu.

Baraza lilipokutana niliitwa kama fundi wa duka lililoifunga. Nilikuta watu wamejaa mpaka nje. Ndani walikaa wazee wa baraza kwenye viti vyao, na karani mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye sikumbuki kama aliwahi kuandika na hata moja. Sambala alisimama upande mmoja amejipaka mafuta. Chiku alikaa chini karibu na mkwewe, ameshika kanga yake kwa mikono miwili, macho ardhini. Ile picha ilisimamishwa kwenye meza.

Sambala alianza yeye. Alisema kila mtu anajua Ndahani alikwenda Bama. Marekani amefikaje?

"Na Wapolandi walioletwa Kondoa," Mama Ndahani akajibu, "kwao ni Kondoa? Walifikaje? Vita vimetupa watu kila mahali. Wangu vimemtupa huko."

Wazee waliguna. Wapolandi wa Kondoa, wakimbizi wa vita kutoka Ulaya, kila mtu alikuwa amewasikia, na hakuna aliyeweza kueleza walifikaje.

"Ndahani alitogwa masikio," Sambala akasema. "Mtazameni huyo."

Karani alinyanyua picha akaipeleka dirishani, akafunga jicho moja, akatazama kwa hilo lingine kama daktari. "Tundu hili hapa," akatangaza. "Limeonekana wazi kabisa. Hii ni kamera nzuri sana, kamera ya ng'ambo."

Mimi nililijua tundu lile. Lilikuwa kivuli cha kofia chini ya sikio, mistari iliyokatana mara ya tatu mpaka ikawa wavu mweusi. Mchongaji wa watu, sijui alikaa siku ngapi juu ya kipande kile, na sasa kazi yake ilikuwa imekwenda kumtoga sikio mtoto wa Mgogo. Picha ilizungushwa kwa wazee, na kila mmoja aliliona tundu, na mmoja akasema hata anakumbuka siku Ndahani alipotogwa. Watu wazima, wenye migolole na fimbo za heshima. Nilitazama miguu yangu nisije nikacheka.

Kisha mkubwa wao akanigeukia.

"Fundi, picha hii imetoka wapi?"

"Marekani, mzee."

"Hukuichora wewe?"

"Siwezi hata nusu yake."

"Mtu huyu, yuko aliyemwona kwa macho, au ni mtu wa ndotoni?"

Nilimkumbuka mchoraji, yule ambaye jina lake lilikuwa upande wa kushoto, aliyesimama mahali fulani akamtazama mshika farasi wake. "Yuko aliyemwona kwa macho."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai, mzee. Ameshika farasi."

"Mwulizeni kama ni Ndahani au si Ndahani," Sambala akapayuka.

"Mimi Ndahani sikupata kumwona," nikasema. "Anayemjua ni aliyemzaa."

Hapo wakaridhika. Hakuna aliyeuliza mwaka. Baraza zima, na karani na kalamu zake mbili, na hakuna aliyeuliza picha ile ina umri gani. Sikusema neno hata moja la uongo, na tangu siku ile sijapata kulijutia hata moja kati ya niliyoyasema. Ukitaka kujua ukweli, uliza swali lenye akili, la sivyo utapewa ukweli unaokutosha.

Nilidhani Mama Ndahani angeishia hapo: mwana yu hai, basi hakuna matanga, Sambala aende akalale. Kumbe nilikuwa sijamjua. Alisimama akaomba kusema.

"Mwanangu yu hai, mmemwona," akasema. "Basi mtazameni vizuri. Mama yake anauza maziwa barabarani, na mke wake amekonda, na yeye yuko kwenye karamu za wazungu anawashikia farasi wakila. Hakutuma salamu. Hakutuma hata uzi. Huyu hatarudi. Amenitupa mimi, na amemtupa mkewe. Mimi niliyemzaa nasema hana haya. Ivunjeni ndoa hii, ng'ombe wa mahari warudi, binti wa watu aende zake."

Hapo ndipo na mimi niliyejiona nikaelewa alichokuwa amekipanga tangu alipotua kibuyu chake mezani petu. Mke wa marehemu anarithiwa. Mke wa mume aliye hai aliyemtelekeza, huyo baraza linaweza kumfungua, na ndugu wa mume hana la kudai isipokuwa ng'ombe. Kumzuia Sambala kwa mwaka mmoja hakukumtosha. Alitaka kumtoa Chiku kabisa.

Na wakamtoa. Baba yake Chiku alinung'unika lakini alirudisha ng'ombe, Sambala akawapokea akawa mtu wa furaha, maana kati ya mke na ng'ombe alijua anachokipenda zaidi. Chiku alikwenda Mvumi, akapata kazi ya kufua hospitalini kwa wamisionari. Baadaye aliolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe, akamchukua mpaka Mpwapwa.

Lakini mnajua watu. Habari ya Ndahani ilienea vijiji vyote. Kwenye ngoma za mavuno vijana wakamtungia wimbo, mtu aliyemwacha mama yake akaenda kuwashikia wazungu farasi, wakawa wanaigiza namna anavyosimama kwa mguu mmoja. Mtoto mkaidi aliitwa Ndahani. Waliorudi kutoka vitani, ambao wengine walikuwa wamekimbia mara mbili, nao walimcheka. Mama yake alipita katikati ya wimbo ule na kibuyu kichwani, akawasalimia, akapita. Mimi mara moja nilitaka kumpiga ngumi kijana mmoja sokoni, na yeye ndiye aliyenishika mkono.

Alipopata habari kwamba Chiku ameshafika Mpwapwa kwa mumewe, alikuja dukani mchana, na ile picha imefungwa kwenye gunia. Akaiweka mezani.

"Chukueni. Imemaliza kazi."

Rajabali akamwambia ni yake, akae nayo. Akakataa. Akasema hawezi kuitundika nyumbani kwake picha ya mtu asiyemjua. Kisha akaketi sakafuni, si kwenye kiti alichozoea, akatuambia kwamba askari mmoja aliyekuwa pamoja na Ndahani, aliporudi kutoka Bama, alimfuata usiku wa siku ya kwanza akamweleza kila kitu. Yeye ndiye aliyemzika, kwa mikono yake, kando ya mto.

"Tangu siku hiyo najua," akasema. "Ningelia, wangesikia. Wangesikia, wangefanya matanga, na Chiku angekwenda kwa Sambala. Basi sikulia. Nikanyamaza, halafu nikasimama mbele ya watu nikamtukana. Huko aliko hana kaburi la kwenda mtu, na hapa nimemvunjia jina. Hajapata kunikosea huyu mtoto hata mara moja."

Rajabali hakufunga duka lake hata siku ya joto la kuua. Siku hiyo alifunga mlango saa saba mchana, akamwacha ndani, akanivuta nje. Tukakaa barazani juani. Kisha Mama Ndahani akaanza kuomboleza kule ndani, kwa Kigogo, akimwita mwanawe kwa jina lake na majina ya babu zake, na sauti ikapanda mpaka watu wa duka la pili wakageuza vichwa. Sambala alikuwa na marafiki kila mahali pale mjini, na wakijua ni kilio cha msiba, kesi ingeanza upya.

"Piga nyundo," Rajabali akaniambia.

"Nipigilie nini?"

"Piga tu."

Nikachukua ubao na nyundo vilivyokuwa barazani, nikaanza kugongomea misumari isiyoshika kitu, na Rajabali akachukua nyundo nyingine akafanya hivyohivyo, mzee mwenye macho mabovu, anakosa msumari anapiga kidole. Wateja wakaja wakauliza kuna kazi gani kubwa hivyo. Tukawaambia warudi kesho. Tuligonga mpaka Mama Ndahani alipomaliza kumlilia mwanawe.